Maswali ya Wasomaji: Kamera gani nifunge kwenye baiskeli?

Safari hii barua nyingi zimezunguka jambo moja: zile kamera ndogo za aksheni zinazofungwa kwenye kofia, kifuani au kwenye usukani. Tumejibu sita. Maswali tumeyafupisha, majibu tumeshindwa.

Naendesha kwenda kazini, Mbezi hadi Posta, natoka alfajiri na kurudi jioni. Jumapili huwa naenda Pugu na wenzangu. Nataka kamera moja tu. Duka moja wanasema GoPro, jingine DJI. Nichukue ipi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ndugu, kabla ya jina la kampuni angalia saa zako. Ukitoka alfajiri na kurudi magharibi, sehemu kubwa ya video yako itapigwa kwenye mwanga hafifu. Hapo kinachoamua ni ukubwa wa sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, si hizo K zilizoandikwa kwenye boksi (4K, 5.3K), ambazo ni wingi wa nukta za picha, yaani pikseli. Osmo Action 4 ya DJI (2023) ina sensa ya inchi 1/1.3. HERO12 na HERO13 za GoPro zina ya 1/1.9, ambayo ni ndogo. Mchana wa jua huwezi kuona tofauti. Saa kumi na mbili na nusu jioni utaiona. Kwa ratiba yako tungechukua Action 4, au Action 5 Pro ya 2024 kama mfuko unaruhusu, kwa sababu betri yake ni ya mAh 1,950 badala ya 1,770.

Kama Pugu ndiyo kazi kubwa na Posta ni ziada, mizani inageuka. HERO11 hadi HERO13 hurekodi picha ya uwiano wa 8:7, karibu mraba, na kutoka video hiyo hiyo unakata ya kulala kwa ajili ya YouTube na ya kusimama kwa ajili ya simu. Ila angalia mtego mmoja: HERO12 haina GPS. Kampuni iliiondoa, kisha ikairudisha kwenye HERO13. Anayetaka kasi na njia aliyopita vionekane juu ya video asinunue HERO12. Action 4 nayo haina GPS ndani, hadi ununue rimoti yake yenye GPS.

Kuhusu vishikio usihofu. Yale meno ya kufungia ya GoPro yamekuwa kama kipimo cha wote, na DJI huweka kwenye boksi kiunganishi chake.

Ukiwa na fedha za kamera tu, bado huna fedha za kamera. Tenga za betri mbili za akiba, kadi nzuri, kishikio cha chuma na kamba ya usalama. Betri moja kwenye 4K hukaa saa moja na ushei, na foleni ya Ubungo haijui hilo. Usinunue kwa ajili ya 5.3K, kwa video za kutumiana, 4K ya picha 25 kwa sekunde inatosha na inabaki.

Na kwa nini 25, si 30? Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za barabarani na madukani hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga picha 30, hesabu hazigawanyiki na video inakuwa na mistari ya mwanga inayopanda na kushuka. Kwenye mipangilio tafuta PAL au 50 Hz, chagua 25 au 50. Kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye 60 Hz.

Matatu ilinipita karibu mno ikanigusa kwa kioo. Kamera yangu ya 1080p ilikuwa usukani, lakini namba haisomeki hata nikikuza. Ninunue ya 4K? (Msomaji, Nairobi)

Pole sana. 4K itasaidia, lakini tufanye hesabu kwanza ili usitarajie miujiza. Lenzi pana huchukua takriban nyuzi 120 kwa upana. Picha ya 4K ina pikseli 3,840 kwa upana huo, yaani kama 32 kwa kila nyuzi. Kibao cha namba chenye urefu wa nusu mita, kikiwa mita 10 mbele yako, kinachukua chini kidogo ya nyuzi tatu, sawa na pikseli 90 hivi. Gawanya kwa herufi na tarakimu saba, kila moja inapata kama 12. Hapo inasomeka. Kwenye 1080p, yenye nusu ya pikseli hizo kwa upana, inapata sita, na hapo B, 8 na 3 ni ndugu. Mita 20 hata 4K inarudi kwenye sita. Kwa maneno mengine una sekunde moja au mbili tu baada ya gari kukupita. Punguza upana wa lenzi kutoka ule mpana kabisa kwenda wa wastani, upate pikseli nyingi zaidi kwa kila nyuzi.

Pili ni shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha. Ukiiachia kamera ijichagulie jioni, itashuka hadi 1/50 ya sekunde au 1/25. Gari linalokuzidi kasi kwa kilomita 40 kwa saa husogea sentimita 22 ndani ya 1/50 ya sekunde, na baiskeli yako nayo inatikisika. Lazima herufi zifutike. Weka shata isishuke chini ya 1/200, ruhusu ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, ipande hadi 1600 au 3200. Video itakuwa na chengachenga. Wapiga picha wa harusi watakucheka, lakini unachotafuta ni ushahidi. Usiku kibao hung'aa kwa taa yako na kugeuka karatasi nyeupe. Kwenye mipangilio shusha mwangaza (EV) kwa −0.5 au −1.

Tatu, iko njia isiyohitaji fedha: itamke namba kwa sauti papo hapo, pamoja na rangi ya gari. Maikrofoni inasikia kile ambacho lenzi imekosa.

Kenya tunaendesha kushoto, kwa hiyo anayekupita anatokea nyuma kulia. Kama lengo ni ushahidi tu, kamera ya pili chini ya tandiko, iliyogeuzwa kidogo kulia, ina thamani kuliko kuongeza K mbele. Zipo zinazochanganya taa ya nyuma na kamera, kama Fly6 ya Cycliq, na Varia RCT715 ya Garmin (2022) inayoongeza rada ya kukuonya gari linapokaribia.

Weka kamera kwenye kurekodi kwa mzunguko, vipande vya dakika tano, ifute vya zamani yenyewe. Hakikisha tarehe na saa ni sahihi, kwa sababu betri ikikaa nje muda mrefu saa hurudi mwanzo. Tukio likitokea, zima kamera, toa kadi, usikate wala kuhariri faili la asili. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inadai hati inayoeleza jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyotengenezwa. Hati hiyo ni ngumu kuiandika kwa kipande kilichopita WhatsApp.

Barabara zetu ni za changarawe na zina mawimbi kama bati. Video yote inacheza kama uji, japo nimewasha kituliza mtikisiko hadi mwisho. Kamera ni mbovu? (Msomaji, Iringa)

Kamera ni nzima. Sensa haisomi picha yote kwa mara moja. Inasoma mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini. Mtikisiko wa haraka wa usukani huhamisha kamera katikati ya kusoma, na mistari ya juu haikai sawa na ya chini. Kituliza mtikisiko kinaweza mwendo mkubwa wa polepole, kama kuyumba au kupanda tuta. Mvumo mdogo wa haraka hukishinda, na wakati mwingine hukizidishia.

Anza na kishikio. Kila kiungo chenye skrubu ni bawaba, na kishikio chenye viungo vitatu ni fimbo ya kuvulia samaki. Tumia kifupi kabisa, cha alumini, na kifunge karibu na katikati ya usukani. Pima kipenyo kwanza: usukani mwingi wa kisasa ni milimita 31.8 pale katikati, wa zamani 25.4, na baadhi ya baiskeli mpya za milimani ni 35. Kishikio cha 31.8 kwenye usukani wa 25.4 hakikazi hata ufanyeje. Chini yake zungusha kipande cha tyubu kuukuu, tabaka moja. Mawili yanarudisha mchezo. Usukani wa kaboni usiukaze kwa nguvu ya mkono, tumia spana ya kipimo na usizidi namba iliyoandikwa kwenye kishikio au usukani. Punguza pia upepo wa tairi ya mbele kidogo.

Kama bado, hamishia kamera kifuani. Mikono na kiuno ni springi bora kuliko chochote dukani. Ifunge kichwa chini, uinyanyue juu kuliko unavyodhani, kwa sababu ukiinama itatazama chini. Njia hii inafaa baiskeli ya milimani, ambako unakaa wima kiasi. Kwenye baiskeli ya mbio yenye usukani uliopinda kwenda chini utapata saa mbili za video ya tairi ya mbele. Kofia nayo ni tulivu, lakini kila ukigeuka kutazama nyuma mtazamaji anageuka nawe. Stika ya gundi ibandike kwenye plastiki laini iliyofutwa kwa spiriti, kisha iache saa 24 kabla ya kufunga kamera. Usitoboe kofia.

Kamba ya usalama ya kamera ya usukani isizidi sentimita 15. Ndefu zaidi ya hapo itafika kwenye spoku, na hapo utakuwa na tatizo jingine kabisa.

Kamera inajizima katikati ya safari na kuandika hitilafu ya kadi. Kadi ni ya GB 256, nimeinunua kwa bei nzuri sana. (Msomaji, Mwanza)

Hiyo bei nzuri ndiyo inayotutia shaka. Kadi za bandia hujitangaza kuwa GB 256 huku ndani zikiwa na 32 au pungufu. Zikijaa, hufuta video za mwanzo kwa kuandika mpya juu yake, au hugoma. Ijaribu kwa kompyuta: H2testw kwenye Windows, F3 kwenye Mac na Linux. Programu hizi huijaza kadi yote na kuisoma tena, hivyo hamisha video zako kwanza na uwe na subira ya saa kadhaa.

Ukinunua nyingine, tafuta alama ya V30, inayoahidi kuandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka. Video ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji megabaiti 12.5 tu (megabaiti moja ni megabiti nane), kwa hiyo V30 halisi inatosha na chenji inabaki. Kujua kadi itakaa muda gani, zidisha megabiti kwa sekunde kwa 0.45 upate gigabaiti kwa saa: 100 ni GB 45, 60 ni GB 27. Kadi ya 128 kwenye megabiti 100 ni chini kidogo ya saa tatu. Fomati ndani ya kamera, si kwenye simu. Na ukikuta safari moja imekatwa kuwa mafaili mengi, si ubovu; kamera hufanya hivyo makusudi.

Niko Muscat. Kuanzia Mei kamera inazima kwa joto nikisimama tu kwenye taa. Kuna dawa? (Msomaji, Oman)

GoPro hutaja kikomo cha nyuzi joto 35, Action 4 hutaja 45. Kwa majira ya joto ya Muscat tofauti hiyo peke yake inajibu nusu ya swali. Kamera hizi hupozwa na upepo wa mwendo, ndiyo maana husalimu amri kwenye taa. Shuka kutoka 4K ya picha 50 kwenda 25, au 2.7K, zima Wi-Fi na GPS, skrini ijizime baada ya dakika moja. GoPro za karibuni huweza kufanya kazi kwa pawabenki bila betri ndani, na joto hupungua sana. Lakini kumbuka mlango ukiwa wazi kwa waya, maji nayo yana ruhusa. Usichaji betri iliyotoka kwenye dashibodi ya gari. Iache ipoe kwanza, la sivyo itavimba.

Kuna HERO ya mtumba hapa Mombasa kwa bei ya kutupa. Niangalie nini? (Msomaji, Nyali)

Rekodi 4K dakika 20 mfululizo mbele ya muuzaji, kisha tazama video kwenye simu, sauti pia. Toa betri: ikitoka kwa kung'ang'ania, imevimba. Kioo cha lenzi chenye mikwaruzo si kasoro kubwa kwenye HERO9 na kuendelea, kwa sababu hubadilishwa kwa kukizungusha. Kwenye HERO8 hakibadilishwi, iache. HERO9 hadi HERO12 hutumia betri ya aina moja, rahisi kupata; ya HERO13 ni tofauti na haiingiliani nazo.

Kisha fungua mlango wa betri, pitisha ukucha taratibu kwenye mpira wake. Hapo pwani tunatafuta chumvi na mchanga. Mpira uliopasuka au mlango wenye kutu kwenye bawaba unamaanisha maji yameshaingia siku moja, hata kama leo kamera inawaka. Ukiinunua hata hivyo, nunua mlango mpya kabla ya masika.