VXLAN au swichi mpya kwa seva nane za Kubernetes?
Ndugu, umeuliza ununue swichi mpya au utandike mtandao wa juu wa VXLAN, yaani mtandao wa kubuni juu ya ule halisi, wa kuunganisha kontena za Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu zilizofungwa kwenye vifurushi viitwavyo kontena). Hivi viwili havishindani: mtandao wa juu hupita kwenye swichi na nyaya zilezile. Nyaya zikielemewa, VXLAN haitakuokoa.

Kwa VXLAN, kila pakiti (kipande cha data) hufungwa ndani ya pakiti nyingine ya UDP, na kifungashio hicho hula baiti 50. Swichi zikipitisha baiti 1500, MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya kontena lazima ishuke hadi 1450. Nilipoteza siku mbili hapa: ping inajibu, ukurasa mdogo unafunguka, faili kubwa linaganda. Vifaa vyote vikikubali 9000, pandisha, ila pengo la 50 libaki.

Kama seva ni za kukodi na swichi huzigusi, weka VXLAN, programu ya Flannel inatosha. Lakini umesema kabati ni lenu na swichi zinaongea BGP (lugha ya kutangaziana njia za mtandao). Hapo ningeweka Calico (programu nyingine ya mtandao wa Kubernetes) bila kufunga pakiti: kila seva inatangaza yenyewe anwani za kontena zake, na ukichungulia pakiti kwa programu ya tcpdump unaona anwani halisi. Swichi nunua baadaye, iperf3 (kipima kasi ya mtandao) ikionyesha nyaya zimejaa.