Kusoma takwimu za vifo kazini: kwa afisa usalama anayeanza

Ukipewa jedwali la vifo kazini, usianzie kwenye safu ya idadi. Chukua Marekani mwaka 2023: ujenzi wa sekta binafsi uliua watu 1,075, na kilimo pamoja na misitu, uvuvi na uwindaji 448. Ukiishia hapo utapeleka ukaguzi wote kwenye majengo. Lakini ukizingatia saa za kazi, ujenzi unapata vifo 9.6 kwa kila wafanyakazi 100,000 na kilimo 20.3. Anayelima ana hatari mara mbili ya anayejenga. Ni vile tu wakulima walioajiriwa ni wachache.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Gawanya vifo kwa jumla ya saa zilizofanywa kazi, kisha zidisha kwa 200,000,000, yaani saa za watu 100,000 wanaofanya kazi saa 40 kila wiki kwa wiki 50. Ijaribu kwenye kampuni ya watu 400 wanaofanya saa 2,300 kila mmoja kwa mwaka: saa 920,000. Kifo kimoja tu kinakupa 217, na mwaka unaofuata unapata sifuri. Zote mbili hazikuambii kitu. Kampuni ndogo ijumlishiwe miaka mitano au zaidi, na meneja anayejisifia mwaka mmoja wa sifuri usimpe cheti haraka.

Mwelekeo nao una mitego. Marekani ilihesabu vifo 5,333 mwaka 2019 na 4,764 mwaka 2020. Unaweza kudhani usalama uliimarika, kumbe shughuli zilisimama kwa sababu ya korona: idadi ilishuka kwa zaidi ya asilimia 10, huku kiwango kikitoka 3.5 hadi 3.4 tu. Shughuli ziliporudi, mwaka 2022 vifo vilikuwa 5,486. Wala usiilinganishe nchi hiyo na Uingereza kabla ya kuuliza kilichohesabiwa. Takwimu kuu za Uingereza haziingizi ajali za barabarani, wakati Marekani matukio ya usafiri pekee yalichukua vifo 1,942 kati ya 5,283 vya mwaka 2023. Huku kwetu shida ni nyingine: bodaboda, mchimbaji mdogo na saidia fundi wa kibarua mara nyingi hawaonekani kwenye rejista yoyote. Sekta inayoonekana safi huenda ni ile isiyoripoti.

Ukimaliza sekta, shuka kwenye chanzo, maana hapo ndipo kazi yako ilipo. Kuanguka kutoka juu kunaongoza kwenye ujenzi, na kosa tunalolikuta sana si kukosa mkanda wa usalama, ni mkanda usio na nafasi ya kufanya kazi. Jumlisha: kamba mita 1.8, kifyonza mshtuko kikifunguka 1.1, kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo 1.5, akiba 0.9. Ni mita 5.3 chini ya pale kamba ilipofungwa. Fundi aliye kwenye sakafu ya mita 3 akifunga kamba miguuni, atafika chini kabla mkanda haujamshika. Hata akiifunga mita 2 juu ya sakafu hiyo, ana mita 5 tu. Ghorofa ya kwanza dai reli ya ukingoni yenye kimo cha mita 1 hivi, reli ya katikati, na ubao wa chini wa kuzuia vifaa visidondoke. Kufunga kamba kwenye mirunda ni bure, maana haikuwekwa kubeba mshtuko wa mtu anayeanguka.

Mitaro: ikizidi mita 1.5, weka viegemezo au laza kingo, na udongo uliochimbwa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, kwa hiyo aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kukosa pumzi ingawa kichwa kiko nje.

Mashimo ya choo, visima na matangi ndiyo yenye orodha mbaya kuliko zote, kwa sababu yanaua wawili au watatu kwa mpigo. Wa kwanza anazirai, mwenzake anaruka kumwokoa, wa tatu anafuata. Usitegemee pua: hewa ya salfidi hidrojeni, ile ya sumu inayonuka kama mayai viza, ikifika sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa, ukadhani harufu imeisha. Pima kwa kifaa juu, katikati na chini kabisa, kwani hewa hiyo ni nzito na methani ni nyepesi. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, hakuna kuingia. Anayeshuka avae mkanda wa mwili mzima wenye kamba iliyounganishwa na winchi juu ya shimo, na mlinzi wa mlangoni awe na amri moja: kuvuta na kuita msaada, kamwe asishuke.

Kifo kikitokea, andika chanzo kwa undani siku hiyo hiyo. Kenya, sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka afisa wa serikali wa usalama kazini wa eneo hilo aarifiwe ndani ya saa 24 na taarifa ya maandishi ifike ndani ya siku 7. "Aliteleza" haitoshi kwenye fomu. Andika kimo, alikuwa amefunga kamba wapi, uso wa sakafu ulikuwaje, na nani aliidhinisha kazi ile ianze.