Uliniuliza Kama Sijachoka na Karate

Kaloleni, Kisumu

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma, na mama yako amefurahi kusikia homa imekuacha. Sikutaka kukujibu kwa simu uko ndani ya matatu. Uliuliza: tangu ungali mdogo unanisikia alfajiri nikikanyaga sakafu, kata ile ile, yaani mfululizo wa hatua na ngumi za karate uliopangwa, na jioni naenda kufundisha watoto ambao wengi hawalipi. "Baba, bado hujaimaliza tu? Na hao watoto wanakupa nini? Utapumzika lini?"

Nianze na kata. Inaitwa Tekki Shodan. Watu wa Okinawa, visiwa vya Japani ilikozaliwa karate, huiita Naihanchi. Haiendi mbele wala hairudi nyuma. Unasogea ubavuni, kulia kisha kushoto, miguu imepanuliwa na magoti yamesukumwa nje, na unamalizia pale pale ulipoanzia. Ndiyo maana inanitosha kwenye kale kauchochoro kati ya ukuta na tangi la maji. Hatua zake mtu huzikariri upesi. Kuna mahali unanyanyua wayo kuelekea paja la mguu wa pili, kisha unaukanyaga chini, na kiwiliwili kisitikisike hata kidogo. Ukiegemea upande mmoja kabla ya kuunyanyua, mpinzani ameshajua unachotaka kufanya. Nilipokuwa kijana wepesi ulinifichia hilo. Nilikuwa na mapaja, nilishuka chini kabisa, watu wakashangilia. Sasa goti la kulia halikubali kushuka hivyo, kwa hiyo nguvu ya ngumi sharti niitafute kwenye nyonga na kwenye pumzi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hii kata ina vyumba ambavyo sikuwahi kuvifungua. Naipenda zaidi sasa kuliko nilipokuwa naiweza.

Usidhani ni ukaidi wangu peke yangu. Gichin Funakoshi, gwiji wa karate aliyezaliwa Shuri, Okinawa, mwaka 1868, alikaa na kata tatu za jamii hii kwa takriban miaka 10, kwa kuwa mwalimu wake hakumruhusu kuvuka kwenda nyingine mpaka aridhike naye. Alikuwa mwalimu wa shule wa kawaida tu. Mwaka 1922 alienda Tokyo kuonyesha karate, umri umeshapita miaka 50, akabaki huko akifundisha. Alikaa kwenye bweni la wanafunzi kutoka Okinawa, na ili apate pa kulala na cha kula alifanya kazi ya utunzaji wa pale: kufagia, kusafisha, kuangalia bustani. Mimi humheshimu kwa ule ufagio kuliko kwa jambo lingine lolote alilofanya.

Sasa hao watoto. Mama zao wengi wanauza omena soko la Kibuye, baba zao wako kwenye boda boda. Anayeweza kulipa hulipa, asiyeweza hufagia ukumbi, na hesabu yangu imeishia hapo. Kuna mahali mtoto hupewa mkanda mpya kila mzazi anapotoa pesa ya mtihani. Mimi hilo silitaki hata kulisikia. Mwaka 2021, karate ilipokuwemo kwenye Olimpiki ya Tokyo na Kiyuna Ryo wa Okinawa akachukua dhahabu ya kata, ukumbi wetu ulijaa hadi mlangoni. Paris 2024 karate haikuwemo, na wengi wao walikwisha kupotelea kwenye mpira. Sawa. Waliobaki wamebaki kwa sababu zao wenyewe.

Wananipa nini? Sikiliza. Mtoto wa darasa la sita aliniuliza, "Sensei, nikipiga ngumi, huu mkono mwingine unarudi kiunoni kufanya nini? Si afadhali ulinde uso?" Swali zuri sana. Watu wazima wenye mikanda myeusi huulizwa hivyo wakajibu "ndivyo ilivyo." Nikamshika kifundo cha mkono, nikamvuta kwangu taratibu huku ngumi ya pili inamwendea. Akanijia mzima mzima, akacheka. Ameelewa: ule mkono umemshika mtu, unamleta kwenye ngumi. Nikadhani tumemalizana. Akaja na lingine: "Basi kwenye Tekki, ule mkono unaolala mbele ya kifua umemshika nani?" Nilikuwa na jibu nililofundishwa, lakini nilipolitamka likasikika jepesi. Usiku ule nilisimama kwenye uchochoro nikivuta hewa na kugeuza kiwiko mpaka mama yako akatoka na tochi kuniuliza kama nina akili. Nimelijaribu jibu jipya na wakubwa wa darasa, linashika. Mtoto hajalikubali bado, anasema mtu mrefu atachomoka.

Goti nimelipeleka kwa daktari, usihangaike. Amesema nipunguze kushuka. Kuacha hakutaja, nami sikumuuliza. Kuhusu kupumzika, yuko binti mmoja wa mkanda wa kahawia anayewafundisha wadogo kila Jumamosi, na siku hizo mimi hujipanga nao mstari wa nyuma. Juzi alinirekebisha bega mbele ya darasa zima. Alikuwa sahihi.

Tutakuja Nairobi Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Mama yako anauliza kama bado una ile sufuria yake kubwa.

Ni mimi babako.