Mzee amepata kiharusi: tumsemeshe lugha gani?

Dada wa Bombo, Uganda, pole kwa kuuguza. Unauliza kama jirani yenu ana haki kusema mzee asemeshwe Kiingereza tu ili asichanganyikiwe, ilhali maisha yake yote nyumbani ni Kinubi, jeshini Kiswahili, sokoni Kiganda.

Msimfungie lugha hata moja. Afasia, yaani shida ya kusema na kuelewa inayoletwa na madhara ya ubongo kama kiharusi, haifuti lugha, inavuruga njia ya kuifikia. Akili anayo, kwa hiyo msimsemeshe kama mtoto. Kwa wengi lugha hurudi sambamba, lakini si kwa wote. Mwaka 1895 daktari Mfaransa Albert Pitres alieleza kwamba mara nyingi hutangulia ile mgonjwa aliyoizoea zaidi kabla ya kuugua, si lazima ya utotoni. Kiswahili cha kambini kikitangulia Kinubi, mama asinune.

Akichanganya, mwacheni. Akitaka chai na neno likakwama, nyamaza kidogo, kisha mwonyeshe kikombe au mwanzishie: "cha..." Akijibu kwa Kiganda, amejibu, mpe chai yake.

Hospitali ya Mulago, Kampala, ulizieni mtaalamu wa tiba ya usemi. Chuo Kikuu cha Makerere kimesomesha kadhaa. Nendeni na karatasi: lugha ipi alizungumza na nani, na ipi alisoma na kuandika. Mtaalamu asipojua Kinubi, mmoja wenu aketi hapo atafsiri, ila asimjibie mzee (na ninyi kina dada ndiyo hodari wa hilo!). Uso ukipinda au mkono ukilegea tena ghafla, hospitali saa hiyohiyo, msingoje asubuhi.