Maswali ya Wasomaji: Mpinzani Akikosea, Je, Ninyamaze?

SWALI: Kwako Mhariri wa Michezo. Mimi ni mmoja wa vijana 12 ambao hucheza bakgamoni, mchezo wa ubao wa kusogeza kete kwa kurusha dadu, kila Jumamosi hapa Kondele, Kisumu. Katika fainali ya shindano letu dogo, kete moja ya mpinzani wangu ilikuwa imepigwa, yaani imeondolewa mahali pake, na inangoja kwenye ukingo wa katikati ya ubao ili iingie tena. Dadu zake zilionyesha sita na tatu. Badala ya kuiingiza kwanza ile kete, alisogeza kete mbili nyingine na kuziacha kila moja peke yake, ambapo inaweza kupigwa. Niliona kosa, nikanyamaza, nikarusha dadu zangu, nikampiga. Hapo mtazamaji mmoja akapaza sauti kwamba hatua ile haikuruhusiwa. Nilishinda, lakini wenzangu wananiita mlaghai. Je, nilikosea?

JIBU: Ndugu msomaji, ushindi ni wako, ingawa sipendi namna ulivyoupata. Kosa la hatua hurekebishwa kabla mpinzani hajarusha dadu. Akisharusha, mambo yaliyo ubaoni yanabaki yalivyo, hata kama kila mtu chumbani anajua kwamba kete ya ukingoni ilipaswa kuingia kwanza, nayo ingeweza kuingia kwa ile tatu.

Lawama unayotupiwa inatokana na kanuni mbili zinazotofautiana. Ya zamani ilimpa mpinzani hiari: akiona hatua isiyo halali, adai isahihishwe au aiache kama inamfaa. Wanaoitetea husema kwamba kuwa macho ni sehemu ya ustadi, na kwamba kila mtu achunge kete zake. Kanuni mpya, ambayo sasa inatumika sana katika mashindano ya Marekani, inawataka wachezaji wote wawili wasahihishe kosa mara wanapoliona, liwe linamfaidi nani. Kwa kanuni ya kwanza hukuvunja lolote. Kwa ya pili, kunyamaza kwako kwa makusudi ndiko kosa. Kwa kuwa hamkutangaza mnafuata ipi kabla ya mchezo wa kwanza, haifai mtu akuhukumu leo kwa kanuni ambayo hakuna aliyeitaja siku ile.

Kwa kikundi kama chenu ningechagua kanuni mpya bila kusita. Wengi wenu, nadhani, mlijifunza kwenye simu, ambako programu hukataa yenyewe hatua isiyofaa, kwa hiyo jicho halikuzoea kukagua. Ukimruhusu mzoefu avune makosa ya aina hiyo, mgeni atalipa kiingilio mara moja tu na hatarudi. Zipo njia rahisi za kukagua. Pembetatu za ubao hupishana rangi, kwa hiyo kete inayosogea kwa namba shufwa hutua kwenye rangi ileile ilikotoka, na inayosogea kwa namba witiri hutua kwenye rangi nyingine. Mtu aliyepata nne akatua kwenye rangi tofauti amehesabu vibaya, na huhitaji kuhesabu upya kumwambia.

Huyo mtazamaji naye alikosea. Najua kwamba penye mchezo wa bao uitwao ajua hapo Kisumu kila anayepita ana ushauri wake, na raha ya mchezo ni hiyo, lakini katika shindano la bakgamoni watazamaji hunyamaza, wakiwemo wale walioona kosa. Anayetaka kusema amtafute mwamuzi baada ya mchezo.

Kuhusu adhabu, msikimbilie kuiga sataranji, ambako katika mchezo wa kawaida hatua haramu ya kwanza humwongezea mpinzani dakika mbili na ya pili humpokonya mkosaji mchezo. Katika bakgamoni kusahihisha kunatosha kwa aliyeteleza. Anayeteleza kila mara kwa upande unaomfaa ni suala jingine, na huyo mwamuzi aketi karibu na meza yake.

SWALI: Dadu moja ikiegemea kete, nayo inaonekana wazi kuwa ni sita, tuihesabu? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Hapana. Dadu zote mbili zinapaswa kulala bapa juu ya ubao, katika nusu iliyo upande wa kulia wa mrushaji. Moja ikiegemea kitu, au ikitua juu ya kete, zote mbili hurushwa upya, hata kama ile nyingine imelala vizuri na ni sita pia.