Nyota Zinazolipuka Nyuma ya Vumbi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba wanaastronomia huona milipuko ya nyota, yaani supanova, michache kuliko wanayoitarajia. Mlipuko unaong'aa kama mabilioni ya majua unawezaje kukosa kuonekana, na darubini za infraredi husaidia vipi? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, sababu moja kubwa ni vumbi. Nyota iliyozaliwa na uzito unaozidi ule wa Jua mara 8 hivi huishi makumi machache ya mamilioni ya miaka au chini ya hapo, muda usioitosha kuondoka katika mawingu ya gesi na vumbi ilimozaliwa, na kwa hiyo mara nyingi hulipuka ikiwa ingali humo. Mwaka 2008 supanova ilitokea katika galaksi (kundi kubwa la mabilioni ya nyota) ya M82, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi, ambao kwa vipimo vya ulimwengu ni ujirani. Hata hivyo iligunduliwa mwaka uliofuata kwa mawimbi ya redio, ambayo hupenya vumbi.

Vumbi huzuia mwanga wa samawati zaidi kuliko mwekundu, na infraredi, mionzi isiyoonekana kwa macho ambayo mawimbi yake ni marefu zaidi, huzuiwa kwa kiasi kidogo hata kuliko mwekundu. Tofauti hiyo inastahili kutiliwa maanani: vumbi linaloufifiza mwanga wa kawaida mara 10,000 huififiza infraredi ya mikromita 2.2 takriban mara 3 tu.

Hata hivyo, kupenya vumbi hakutoshi, kwa sababu vumbi lililopashwa joto na nyota nalo hutoa infraredi, na kitovu cha galaksi huwa kimejaa mng'ao ambao ndani yake nukta moja mpya haitambulikani kwa urahisi. Ndiyo maana galaksi ile ile hupigwa picha kwa nyakati tofauti, kisha picha ya zamani huondolewa kwa hesabu kutoka katika ile mpya ili kibaki kile tu kilichobadilika. Kwa njia hiyo mwanaastronomia Ori Fox na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, walichunguza galaksi 40 zenye vumbi jingi kwa picha za Spitzer, darubini ya infraredi ya angani, na kuthibitisha supanova 9, ambazo 5 kati yake hazikuwa zimeonwa kwa mwanga wa kawaida. Kwa maoni yangu, zaidi ya nusu kukosekana ni ushahidi mzito. Tena kioo cha Spitzer kilikuwa na upana wa sentimita 85 tu; cha darubini ya James Webb, chenye mita 6.5, hutenganisha vitu vilivyosongamana kwa ubora zaidi.

Tahadhari nayo inahitajika. Mng'ao wa infraredi ulioonekana mwaka 2005 katika Arp 299, galaksi mbili zinazogongana, ulidhaniwa kuwa supanova. Baada ya kufuatiliwa kwa zaidi ya miaka 10, kwa infraredi na redio, ilibainika mwaka 2018 kwamba ulitokana na nyota iliyoraruliwa na shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kukitoka.