Kwa mwalimu mpya: programu ikuonyeshe nani hajaelewa

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Mwenzangu uliyeingia kazini juzi, itikio hilo utalisikia kila siku, na utalipenda. Mimi lilinipotosha mwaka mzima wa kwanza. Nafundisha sehemu, najaza ubao, nauliza kama wameelewa, darasa linaitikia kwa sauti moja, nafuta, naendelea. Jioni madaftari yanafika mezani na nusu ya darasa imekosa. Halafu ikaja siku niliyouliza swali moja tu, ipi kubwa kati ya 1/3 na 1/4, nikiwa na njia ya kuona jibu la kila mtoto papo hapo. Katika wanafunzi 41, wanafunzi 23 walichagua 1/4. Ni wale wale walioitikia dakika mbili kabla. Hawakuwa wakinidanganya. Walijiona wameelewa kweli, maana 4 ni kubwa kuliko 3, basi kwao 1/4 nayo lazima iwe kubwa.

Nakuandikia kwa sababu najua umeshapewa orodha ndefu za programu na tovuti za walimu. Nami nilipewa. Wiki moja nilifungua akaunti kumi na moja, na muhula ulipoisha nilikuwa natumia moja. Kwa hiyo kabla hujafungua akaunti yoyote, jiulize: hii itanionyesha nini ambacho sikijui kuhusu wanafunzi wangu? Kama jibu pekee ulilonalo ni kwamba somo litachangamka, iweke kando kwanza. Utairudia ukishazoea kazi.

Iliyonionyesha wale 23 inaitwa Plickers, na ndiyo ningekushauri uanze nayo, hasa kama wanafunzi wako hawana simu wala kompyuta. Inahitaji simu moja tu, yako. Kila mwanafunzi anapewa kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi wa vibokisi, na kila kadi ina mchoro wake na namba yake. Kadi ina pande nne, A, B, C na D. Ukisoma swali, mwanafunzi anaigeuza ili herufi ya jibu lake ikae juu, anainyanyua, nawe unapitisha kamera ya simu polepole kutoka pembe moja ya darasa hadi nyingine. Simu inazisoma kadi zote na kukuambia nani kajibu nini. Herufi zimeandikwa ndogo sana pembeni, hivyo jirani hawezi kuchungulia kirahisi, na kila mchoro ni tofauti, hivyo kuigiza kadi ya mwenzako hakumsaidii mtu.

Kuna mambo madogo ambayo hakuna aliyeniambia. Chapisha kadi kwenye karatasi ngumu. Ukizitia plastiki ya kung'aa, mwanga wa dirishani unapiga juu yake na kamera inashindwa kusoma, kwa hiyo tafuta plastiki isiyong'aa au ziache kama zilivyo. Wafundishe kushika kadi pembezoni, kwa sababu kidole kimoja kikifunika mchoro, kadi hiyo haisomeki. Namba ya kadi iwe namba ya mwanafunzi kwenye daftari la mahudhurio, na isibadilike mwaka mzima. Siku ya kwanza uliza swali lisilo na uzito wowote, kama siku ya wiki wanayoipenda, ili wazoee kugeuza na kunyanyua. Dakika kumi za siku hiyo zitakuokolea nyingi baadaye.

Kazi kubwa zaidi iko kwenye swali lenyewe, na hapa nakuomba utulie. Majibu yasiyo sahihi ndiyo yanayofanya kazi, kwa hiyo yasiokotwe tu ili kujaza nafasi. Chukua 1/2 + 1/3. Jibu ni 5/6. Ukiweka 2/5 kati ya machaguo, atakayelichukua amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Ukiweka 1/6, atakayelichukua amezidisha badala ya kujumlisha. Sasa ukiangalia simu huoni tu kwamba watoto 15 wamekosa. Unaona kwamba 12 wana kosa la kwanza na 3 wana la pili, na kila kundi unajua uliambie nini. Mimi makosa hayo nayakusanya kutoka kwenye madaftari. Ninaposahihisha, karatasi inakaa pembeni na kila kosa linalojirudia naliandika. Muhula ukiisha nina machaguo ya kutosha mwaka mzima unaofuata.

Majibu yakigawanyika katikati, usikimbilie kutaja lililo sahihi. Waambie kila mmoja amweleze jirani yake kwa nini kachagua alichochagua, dakika mbili, kisha uliza swali lile lile upya. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kufundisha kwa mtindo huu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mpaka leo sijaona matumizi bora zaidi ya kura darasani. Lakini kama karibu wote wamekosa, kujadiliana hakutawasaidia, maana hakuna wa kumweleza mwenzake. Hapo rudi ubaoni.

Kahoot! utaikuta kila mahali. Ilitoka Norway, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2013, na watoto wanaifurahia kweli. Wanaingia kwa namba inayoonekana kwenye skrini, muziki unapigwa, majina ya wanaoongoza yanapanda. Kinachonitia shaka ni kasi. Kwa kawaida anayejibu haraka anapata pointi zaidi, na mtoto anayefikiri taratibu anajifunza haraka sana kwamba kufikiri kunamwangusha. Ongeza muda wa swali. Unaweza kufika sekunde 240, nami kwenye hesabu sishuki chini ya 60. Itumie kurudia mada iliyokwisha fundishwa. Mada mpya ipe njia nyingine.

Kama wanafunzi wana vifaa, hata kimoja kwa watu watatu, Google Forms inatosha kwa majaribio mengi. Ukiigeuza kuwa jaribio na kuweka majibu, inasahihisha yenyewe na kuyapanga yote kwenye jedwali, mstari mmoja kwa kila mtoto, safu moja kwa kila swali. Wengi wanaangalia alama za jumla na kuishia hapo. Wewe soma safu kwenda chini. Safu ya swali la 4 ikijaa jibu lile lile lisilo sahihi, huenda tatizo ni lako: ulilifundisha vibaya, au swali lina maneno yanayochanganya. Mtoto mmoja akikosa, kaa naye. Safu nzima ikikosa, rudia somo. Tena kuna nafasi ya kuandika maelezo yanayomtokea aliyekosa. Usiandike "umekosa, jaribu tena". Andika sentensi moja ya kumwelekeza, kwa mfano: "Angalia tena kama sehemu hizi zina asili moja (namba ya chini) kabla ya kujumlisha."

Majaribio haya mafupi yana faida moja zaidi ambayo walimu wengi hawaijui. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi waliosoma habari fupi. Kundi moja liliisoma tena, jingine likajaribu kuiandika kwa kuikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo maswali matatu mwanzoni mwa kipindi kuhusu somo la wiki iliyopita ni kufundisha kwenyewe, na si lazima uyape alama.

Ukifundisha sayansi, weka PhET karibu. Ni majaribio ya kwenye kompyuta yaliyoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, aliyekuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001. Ni ya bure, baadhi yamekwisha tafsiriwa kwa Kiswahili, na unaweza kupakua faili la jaribio likafanya kazi bila intaneti. Kosa la mwalimu mpya ni kulifungua na kuonyesha. Lifunge kwanza. Chora ubaoni betri moja na balbu mbili zinazofanana zilizofuatana kwenye waya mmoja, kisha kila mtu aandike ipi itawaka zaidi. Wengi wataandika ile iliyo karibu na betri, wakiamini umeme unaishaishia njiani. Daftari zikiwa wazi mbele yao, ndipo fungua, unganisha, washa. Balbu zote mbili zinawaka sawa. Ule ukimya unaofuata ndio unaoutafuta, na usiukatishe kwa maelezo yako.

Kwa jometria GeoGebra inafanya kazi hiyo hiyo. Unavuta kona ya pembetatu huku na huku, pembe zinabadilika, jumla inabaki nyuzi 180.

Intaneti itakatika. Weka hilo ndani ya andalio la somo kama unavyoweka chaki. Kolibri ilitengenezwa kwa mazingira hayo: unaisakinisha kwenye kompyuta moja, unapakua masomo mara moja mahali penye mtandao, kisha vifaa vya wanafunzi vinajiunga na kompyuta hiyo kwa Wi-Fi ya darasani, bila intaneti yoyote. Kiwix nayo inakupa Wikipedia nzima ndani ya faili, ya Kiswahili ikiwemo. Na hata ukiwa navyo vyote viwili, maswali yako ya siku yawe pia kwenye karatasi. Mimi hunyanyulisha vidole wakati simu imezima chaji: kimoja ni A, viwili ni B, mkono ukiwa kifuani ili jirani asione. Napoteza kumbukumbu ya nani kajibu nini, lakini somo linaendelea.

Programu nazo hufa, na hili liliniuma. Nilikuwa na mamia ya maswali ndani ya huduma moja, miaka miwili ya usiku wangu, na ilipofungwa nilikuwa sijahamisha hata moja. Tangazo lilikuwa limekuja kwenye barua pepe nisiyoifungua. Si jambo la nadra. Edmodo, iliyotumiwa na walimu wengi duniani, ilifungwa Septemba 2022. Jamboard ya Google ilikoma mwisho wa 2024. Tangu siku ile maswali yangu yanaanzia kwenye faili langu mwenyewe, yamepangwa kwa mada, na kila swali lina maelezo ya kosa ambalo kila chaguo linalinasa. Ndipo nayanakili kwenye programu. Ikifungwa kesho nitapoteza mchana mmoja.

ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, na nyingine za aina yake zinaweza kukuandikia rasimu ya maswali kumi kwa sekunde chache. Mimi nazitumia, ila kila hesabu naikokotoa mwenyewe, kwa sababu zinakosea kwa lugha ile ile ya kujiamini zinayotumia zikiwa sahihi. Machaguo yake mengi hayana kosa halisi la mtoto ndani yake, kwa hiyo nayatoa na kuweka ya kwenye karatasi yangu. Usiweke humo jina la mwanafunzi wala alama zake.

Kuhusu majina, niseme zaidi. Programu nyingi hazimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 13 kufungua akaunti mwenyewe, kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inadai ridhaa ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za watoto wa umri huo. Hata pale ambapo sheria hiyo haifiki, fanya kama inakuhusu. Namba ya kadi inatosha. Picha hazihitajiki, tarehe za kuzaliwa hazihitajiki, na namba ya simu ya mzazi haina kazi yoyote ndani ya chemshabongo.

Mimi nilijifunza hili kwa gharama ya mtoto. Siku ile ya 1/3 na 1/4 nilikuwa nimewasha projekta, na majina yote yalikuwa ukutani, kila moja na jibu lake. Msichana mmoja wa safu ya nyuma aliona jina lake, akasikia wenzake wawili wakicheka, akaigeuza kadi kifudifudi juu ya dawati. Vipindi vitatu vilivyofuata hakuinyanyua tena. Kosa lilikuwa langu, na nilimwendea nikamwambia hivyo. Tangu hapo ukutani naonyesha idadi tu, wangapi A, wangapi B, na majina yanabaki mkononi mwangu.

Wakati wengine wakifanya zoezi nilikaa naye na karatasi mbili zinazolingana. Moja tuliikunja iwe vipande vitatu sawa, nyingine vipande vinne sawa. Akapaka rangi kipande kimoja kwenye kila karatasi, akavikata, akakiweka kimoja juu ya kingine. Aliviangalia muda mrefu.

"Kumbe vikiwa vingi vinakuwa vidogo," akasema.

Kipindi kilichofuata niliuliza ipi kubwa, 1/5 au 1/8. Nilipitisha simu kuanzia dirishani, na ilipofika safu ya nyuma kadi namba 17 ilikuwa juu, imegeuzwa A.